Karatasi ya njano

Nimechelewa kuandika hii. Nilisema nitaandika wiki ileile ya uchaguzi wa Sweden lakini zamu zilinibana, halafu nikasema ngoja kwanza waziri mkuu apatikane, sasa kapatikana, Jumatatu tarehe 17 Oktoba 2022, kwa kura 176 dhidi ya 173. Tofauti tatu. Nchi ya watu milioni kumi na ushei imegeuzwa kichwa chini miguu juu kwa viti vitatu.

Wengi mmeniuliza huko WhatsApp "Sweden kulikoni", manake mmesikia tu ati wabaguzi wameshinda. Basi kaeni nikuelezeni, ila nikwambieni mapema mie si mchambuzi wa siasa, mie nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Göteborg, upande wa Hisingen, naosha watu, nalisha, natoa dawa, naandika ripoti narudi kulala. Lakini uchaguzi huu nimeuangalia kwa karibu pengine kuliko hao wa kwenye TV, kwa sababu nimeuangalia nikiwa nimekaa na wapiga kura tisa ambao mdogo wao ana miaka 81, na hao hawadanganyiki.

Naanza na karatasi. Hapa siku moja watu wanapiga kura tatu. Karatasi ya njano ni ya Bunge, wenyewe wanaliita Riksdag, ya buluu ni ya mkoa, nyeupe ya manispaa. Hakuna kujiandikisha, hakuna foleni ya kitambulisho, kadi ya kura inakuja yenyewe kwa posta kwa sababu jina lako liko kwa watu wa kodi, na hii nchi ukitaka kujua kama upo hai waulize watu wa kodi. Mgeni kama mie, si raia na sitoki Umoja wa Ulaya, nikishakaa kwenye daftari miaka mitatu mfululizo naruhusiwa kura ya mkoa na ya manispaa. Kwahiyo mwezi wa nane kadi yangu ikaja, nikaifungua kwa furaha wallahi, mara yangu ya kwanza kupiga kura Ulaya, nikasoma, ikaniambia chaguzi unazoruhusiwa ni mbili. Ya buluu na nyeupe. Ya njano hapana.

Nikaibandika kwenye friji hivyo hivyo.

Sasa ili muelewe utamu wa huu mpambano lazima mjue mambo yao yanavyokwenda, manake si kama kwetu. Kwetu jimbo lina mbunge mmoja, akizidi kura moja kachukua, waliobaki wakalale. Huku Bunge lina viti 349, nchi imegawiwa majimbo 29 lakini kila jimbo linatoa wabunge zaidi ya mmoja, na viti vinagawiwa kwa vyama kufuatana na asilimia. Ukipata asilimia 20 ya kura unapata kama asilimia 20 ya viti, basi. Ila mlangoni pana kizingiti, asilimia 4. Chama kikipata 3.9 kinakaa nje mvua inanyesha (kuna mlango wa uani, ukipata 12 katika jimbo moja, lakini huo hapiti mtu kirahisi). Na hiyo 3.9 si mchezo, kwa kura zilizopigwa mwaka huu ni watu kama laki mbili na nusu, wote kura zao zimekwenda na maji.

Hapo ndo pana mchezo wote. Wagombea wakubwa wanatoana jasho kwenye mdahalo, sijui umeme, sijui magenge ya bunduki, lakini wanaojua hesabu wanaangalia huku chini, nani anaponyoka kwenye kizingiti. Manake pande zenyewe zimelingana nusu kwa nusu, kila upande una vyama vinne, kimoja tu kikidondoka kinaondoka na viti 14 au 15 na upande mzima umekwisha. Kwahiyo watu wa chama kikubwa wanakiazimisha kura chama kidogo cha upande wao, siku hiyo moja tu, kisizame. Wana na jina lake kabisa, wanasema "komredi asilimia nne". Huyo komredi hana sura wala ofisi lakini ndo mpiga kura muhimu kuliko wote nchi hii.

Safari hii waliokuwa wanachungulia kaburi ni Waliberali kwa upande wa kulia na chama cha Mazingira kwa upande wa kushoto. Na hapo Waliberali kuna kisa kinatuhusu sie. Mpaka Aprili mwaka huu kiongozi wao alikuwa mama mmoja anaitwa Nyamko Sabuni. Ndiyo, Sabuni, umesoma sawa. Kazaliwa Bujumbura, familia yake Wakongo waliokimbia, kafika huku mwaka 1981 akiwa mtoto, 2006 akawa waziri, mwafrika wa kwanza kukaa kwenye baraza la mawaziri la Sweden. Mara ya kwanza kumuona kwenye TV jina limeandikwa pale chini nilicheka peke yangu sebuleni, mke wangu akadhani nimepata wazimu. Sasa huyu mama ndie aliekivuta chama chake kutoka katikati kukipeleka kulia, kwa maana kwamba watakubali serikali inayobebwa na Wademokrasia wa Sweden, kile chama kinachotaka wageni wapungue. Chama kikapasuka moyo, kura za maoni zikaporomoka, zikashuka mpaka mbili na kitu, akajiuzulu miezi mitano kabla ya uchaguzi. Alieingia baada yake, Johan Pehrson, akaenda mlemle kwenye njia aliyoichonga yule mama, na asilimia zikaanza kupanda. Siasa bwana. Mmoja analima mwengine anavuna.

Kazini kwetu sasa. Kuna dada mmoja wa Mombasa, Mkenya, raia wa huku tangu zamani, roho yake yote iko Social Democrats, chama cha Magdalena Andersson, waziri mkuu wa wakati ule, hata kikombe chake cha chai kina lile ua jekundu. Na kuna mama mmoja Mswidi, mtu wa kulia kabisa, Moderate wa kufa na kuzikana. Wanapendana hao, wanagaiana zamu za Krismasi, lakini siasa wanachinjana. Siku moja kabla ya uchaguzi tuko chumba cha kahawa, dada wa Mombasa akasema kwa kiswahili ili mama asielewe, "mimi nishapiga kura mapema, nimewapa Mazingira, usimwambie mtu." Nikamwambia we dada umeingiwa na nini. Akasema "nimewaazima tu, wakifa hao sisi sote kwisha." Saa moja baadae niko stoo natafuta glovu, yule mama Mswidi akanifuata akanong'ona, yeye safari hii kawapa Waliberali, haamini hata nusu ya wanayosema lakini wakidondoka, Kristersson, kiongozi wa Moderates anaetaka uwaziri mkuu, hapati kitu.

Nikabaki na siri mbili tumboni kama mganga. Zamu moja, wanawake wawili, kila mmoja kamuacha mpenzi wake akaenda kumuokoa jirani, na kura zao zimeuana. Na vyama vyote viwili vikapona! Mazingira 5.08, Waliberali 4.61.

Jambo jengine hapa unaweza kupiga kura mapema, siku 18 kabla, maktaba, kwenye maduka makubwa, popote, halafu siku yenyewe ya uchaguzi ukijuta unakwenda kituoni kwako unapiga upya, ile ya mwanzo wanaitupa. Ni haki yako, wana na neno lake kabisa, kura ya majuto. Nilipomhadithia mama yangu kwenye simu akasema hiyo ingekuwa kwetu kwenye ndoa.

Sasa nije kwa mzee wangu. Jina sitaji, kazi yetu ina sheria ya siri na mie sitaki kesi. Huku watu wote wanaitana jina la kwanza hata ukiwa na miaka 90, mie imenishinda mpaka leo, nikiwa peke yangu namwita Mzee, nae kashazoea, anadhani ndo jina langu la utani kwake. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye viwanda vya meli, enzi zile Hisingen yote ilikuwa meli, Götaverken, Eriksberg, Arendal, leo pale pana nyumba za bei mbaya na mikahawa. Masikio yamekufa kwa nyundo, akili ni wembe.

Yeye ndie alienihadithia habari ya mwaka 1973, na mie sikuamini mpaka niliposoma mwenyewe. Wakati huo Bunge lilikuwa na viti 350. Mmeona tatizo hapo? Namba shufwa. Basi watu wakapiga kura, wakahesabu, Social Democrats 156 na wakomunisti 19 jumla 175. Upande wa pili chama cha Kati 90, Moderates 51, Folkpartiet (ndo hao Waliberali wa leo) 34. Jumla 175. Yaani nusu kwa nusu, huwezi ukatia hata wembe. Olof Palme akabaki waziri mkuu kwa sababu hapana aliekuwa na nguvu ya kumtoa, na Bunge likakaa hivyo miaka mitatu. Wakifika jambo wamefungana wanajadili, wanapatana, mara nyingi walipatana, lakini wakishindwa kabisa spika anatia vikaratasi viwili kwenye chombo, kimoja ndiyo kimoja hapana, kinatolewa kimoja, ndo sheria imepita hivyo. Zaidi ya mara mia moja wamefanya vile. Bunge lile mpaka leo wanaliita bunge la bahati nasibu.

Nikamwambia Mzee, kwetu wanawake wana mchezo, kila mwezi wanachanga pesa halafu wanatia vikaratasi kwenye kikombe kujua zamu ya nani, na hicho kitendo kinaitwa kupiga kura. Neno ni hilohilo. Sie hatuna maneno mawili, kura ya kikombeni na kura ya sandukuni ni kura. Akafikiri sana, akasema basi lugha yenu iliijua 1973 kabla yetu.

Baada ya hapo wakapunguza kiti kimoja, tangu uchaguzi wa 1976 ni 349, isitokee tena. Na 1979 ikatokea 175 kwa 174! Mzee kila akifika hapo anacheka mpaka anakohoa nampa maji.

Halafu msidhani mambo haya ni ya zamani tu. 2018 mie niko darasa la kiswidi, wageni watupu, Wasomali, Wasyria, mwalimu akatuandikia ubaoni matokeo, upande wa kushoto 144, muungano wa kulia 143, Wademokrasia wa Sweden 62 na hao hapana alietaka kukaa nao. Akasema jamani sijui nikufundisheni nini hapa. Siku 134 hakuna serikali mpya, 134! Ya zamani ikawa inalinda tu duka. Na Novemba mwaka jana huyu Andersson kapita kuwa waziri mkuu kwa kura 117 za ndiyo na 174 za hapana. Ndiyo, waliomkataa ni wengi na kapita, manake sheria yao haikuulizi wangapi wanakupenda, inauliza tu kama wanaokukataa wamefika 175. Hawakufika. Kakosa kukosa kwa mtu mmoja. Halafu baada ya kama saa saba akajiuzulu kwa sababu Mazingira walijitoa serikalini, wiki ya pili yake wakampigia tena akarudi. Niliwahi kumuuliza Mzee hii ni nchi au ni tamthilia.

Tukija kwenye Septemba 11 yenyewe. Wazee wetu hawakwenda kituoni, wengi walishapiga mapema, manispaa inaleta watu wake na visanduku mpaka pale chini chumba cha kulia. Vyama vyote vina karatasi zake zimepangwa kwenye rafu nyuma ya pazia, unachukua ya chama chako unatia kwenye bahasha. Zamani hapakuwa na pazia, watu walikuwa wanachukua karatasi za vyama vitatu vinne ili wasijulikane, nyengine unazitia mfukoni. Mie ndie niliemsukuma Mzee kwenye kiti chake mpaka kwenye lile pazia, nikatoka nikasimama mbali, kwa sababu ndo utaratibu na kwa sababu nyengine nitakuja kuisema.

Usiku wa uchaguzi nilikuwa zamu ya jioni nikaunganisha na ya usiku, mwenzangu kaugua. Watu watano tukawaacha macho sebuleni kinyume cha taratibu, kahawa, maandazi yao yale ya mdalasini. Saa mbili kamili usiku vituo vinafungwa na palepale TV inatoa makadirio, wamewauliza watu wakitoka kupiga kura. Kushoto mbele, kwa uchache sana lakini mbele. Dada wa Mombasa akapiga kigelegele cha harusi, bibi wa chumba namba nne ambae hajasema neno siku mbili akashtuka akasema "Kapatikana?" Mama Mswidi hakusema kitu, anakunja mataulo tu. Mzee akainua kidole, subirini.

Na kweli. Saa tatu kushoto, saa nne kushoto, wanahesabu kituo baada ya kituo, ile namba pale chini ya skrini inacheza kama taa ya gari bovu. Mara ikageuka. 175 kwa 174, kulia. Halafu 176 kwa 173. Dada kanyamaza, kavaa koti, zamu yake imeisha. Usiku mkubwa Andersson akatoka kwa watu wake akasema leo hatupati matokeo ya mwisho, Kristersson nae akatoka kwa wake akasema hivyohivyo, tusubiri. Hapana aliejitangaza. Zilikuwa zimebaki kura za nje ya nchi na zile za mapema zilizochelewa kufika kituoni, hizo zinahesabiwa Jumatano.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku tatu nchi haina jibu, na mie nitakuambieni ukweli nilikuwa naogopa. Hofu ya kikwetu. Mie ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja, Oktoba 1995 nilikuwa na miaka kumi, uchaguzi wa rais wa Zanzibar, Dk Salmin wa CCM 50.2, Maalim Seif wa CUF 49.8, na kwenye Baraza la Wawakilishi 26 kwa 24. Watoto hatukujua asilimia ni nini lakini tulijua kwamba duka la pale kona nililokuwa natumwa mafuta ya taa nisiende tena, niende lile la mbali, na nikiuliza kwanini napigwa jicho. Kuna harusi hatukwenda. Kuna maiti ya jirani baba alikwenda usiku usiku akarudi hajasema kitu. Wawakilishi wa CUF wakasusia Baraza, ikawa hivyo mpaka Muafaka wa 1999 baina ya CCM na CUF, na hata huo wenyewe mnajua ulivyokuwa. Kwahiyo mie nikisikia "tofauti ndogo" tumbo linakamata lenyewe, si jambo la akili.

Nikawa kwenye basi namba ileile, asubuhi ileile, naangalia nyuso. Hakuna kitu. Watu na simu zao. Mama Mswidi na dada wa Mombasa Jumanne wanabadilishana zamu kama kawaida, ila dada kikombe chake cha ua jekundu kakiweka kabatini kwa nyuma. Jumatano jioni Andersson akasema nimeshindwa, kesho yake akapeleka barua ya kujiuzulu kwa spika. Na sikilizeni hii, chama chake kilikuwa cha kwanza, asilimia 30, viti 107, kimeongeza viti saba kuliko mara iliyopita! Na Kristersson chama chake cha tatu, asilimia 19, viti 68, kimepoteza viwili. Wa kwanza kaondoka, wa tatu kaingia. Tofauti ya kura baina ya pande mbili haikufika elfu hamsini katika kura kama milioni sita na nusu. Wa pili, hao Wademokrasia wa Sweden, 73, hawakupewa hata wizara moja lakini serikali yote inasimama juu ya mgongo wao. Walijifungia kwenye kasri moja linaitwa Tidö wakatoka na mkataba tarehe 14 Oktoba, na sehemu inayohusu wageni ni ndefu, nimeisoma, kiswidi changu kinatosha.

Na zile 16 za Waliberali. Zitoe uone. Upande wa kulia usingefika popote. Yaani nyuma ya hii serikali yupo mama mmoja stoo ya glovu, na maelfu kama yeye, waliowapa kura watu wasiowaamini.

Sasa ile sababu nyengine. Hao Wademokrasia wa Sweden, chama chao kimeanzishwa 1988 na walioanzisha baadhi yao walikuwa watu wa Unazi mamboleo, hilo hata wenyewe hawalikatai siku hizi, 2010 wakaingia Bungeni na asilimia 5.7, leo 20.5. Mtu mmoja katika watano. Ukiwa na rangi yangu ukaambiwa mmoja katika watano, unaanza kuhesabu. Kwenye foleni ya duka unahesabu, kwenye lifti. Na sebuleni tuna wazee tisa. Mzee wangu ni mtu wa chama cha wafanyakazi maisha yake yote, picha ya Palme iko ukutani, lakini miaka hii miwili mitatu amekuwa anasema maneno, sijui zamani mlango haukufungwa, sijui Göteborg si ile. Siku nilipomtoa nyuma ya pazia nikamfunga blanketi, sikuuliza, na yeye hakusema. Tukafika kwenye lifti akanishika mkono akasema, "Wewe sio unaehusika, unajua hilo."

Nimelilala hilo neno wiki sita. Inawezekana lilikuwa na maana ninayodhani, inawezekana ni mzee tu anampenda anaemuosha. Dada wa Mombasa alisema mie mjinga, maana iko wazi kama jua. Mke wangu akasema hata kama, kwani ulitaka umsukume nusu njia? Nilimsukuma mpaka mwisho na nikamrudisha, na kesho yake nikamtia dawa za macho. Sijamchukia. Ila kiti kile nikikisukuma siku hizi nakisikia kizito kidogo.

Jumatatu ile ya 17 tulikuwa wote sebuleni tena, wabunge wanapiga, 176, 173, dakika chache imekwisha. Mzee akasema mwaka wetu tungetoa kikombe, akatizama dirishani.

Kwahiyo ya njano. Mwaka huu wa 2022 natimiza miaka sita hapa, sheria ya mwaka huu inataka mitano, naweza kuomba uraia hata leo, ada ya mwaka huu kroni 1,500, fomu iko kwenye intaneti. Sweden wao uraia wa nchi mbili wameruhusu tangu 2001. Dada wa Mombasa anazo pasipoti mbili kwenye pochi moja tangu katiba yao ya 2010, ananionyesha makusudi. Sie Watanzania hapana, mtu mzima ukichukua wa kwao wa kwetu umekwisha. Nikijaza ile fomu, Septemba 2026 napewa karatasi ya njano, na Unguja naingia na viza ya dola 50 kama mtalii, pale uwanja wa ndege kuna foleni yao pembeni, mnaijua.

Nilimwambia mama juzi. Akanyamaza muda, nikadhani bando limekata. Akasema, "Na hiyo viza utapewa siku ngapi?"

Fomu nimefika ukurasa wa tatu.